Sepultura: Bendi iliyobaki na jina baada ya waasisi kuondoka

USIKU wa Desemba 16, 1996, katika ukumbi wa Brixton Academy jijini London, wanamuziki wanne kutoka Brazil walimaliza wimbo wao wa mwisho, wakawaaga mashabiki na kushuka jukwaani. Waliojaza ukumbi hawakujua kwamba walikuwa wakiwaona wanne hao pamoja kwa mara ya mwisho.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na jambo jingine. Watatu kati yao walikuwa wamekwishaamua kwamba mkataba wa meneja wao, Gloria, ukifika kikomo hautahuishwa. Gloria alikuwa mke wa mwimbaji na mpiga gita wao, Max Cavalera. Max alitakiwa achague, akamchagua mkewe.

Miongoni mwa watatu hao alikuwemo mpiga ngoma Igor Cavalera, mdogo wake Max wa tumbo moja, ambaye ndiye aliyeanzisha naye bendi hiyo wakiwa wavulana wadogo. Ndugu hao wawili walikaa takriban miaka kumi bila kuzungumza.

Bendi yenyewe ni Sepultura, neno la Kireno lenye maana ya kaburi. Ndiyo bendi iliyoipeleka Brazil katika ramani ya muziki wa metali duniani, na ndiyo ambayo historia yake huzua ubishi mkali kuliko nyingine nyingi za aina yake: je, waanzilishi wakishaondoka, jina linabaki kuwa mali ya nani?

Watoto wa mjane

Mtindo wa thrashi metali ulichipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa katika jimbo la California nchini Marekani na baadaye kidogo nchini Ujerumani. Ni muziki wa kasi kubwa, magita yenye mngurumo, ngoma zinazokanyagwa kwa miguu yote miwili na uimbaji unaofanana zaidi na kukemea kuliko kuimba. Bendi zake mashuhuri zilitoka katika nchi zenye studio nzuri, maduka ya vyombo na magazeti ya kuwatangaza wanamuziki.

Belo Horizonte, makao makuu ya jimbo la Minas Gerais, haukuwa mji wa namna hiyo. Brazil ilikuwa bado chini ya utawala wa kijeshi, uliodumu tangu 1964 hadi 1985, na vyombo vya muziki kutoka nje vilikuwa ghali mno kwa kijana wa kawaida.

Max na Igor hawakuzaliwa katika dhiki. Baba yao, Graziano Cavalera, alikuwa Mwitaliano aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Italia. Alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo mwaka 1979, Max akiwa na miaka kumi hivi, na maisha ya familia yakaporomoka. Muziki ukawa kimbilio la watoto hao wawili.

Walipoanzisha bendi mwaka 1984, Max alikuwa na miaka 15 na Igor hajatimiza 15. Jina lilipatikana Max alipokuwa akiutafsiri kwa Kireno wimbo mmoja wa Motörhead, bendi ya Uingereza, unaotaja kaburi.

Hata kabla ya kurekodi chochote, Sepultura ilikwishampoteza mtu. Wagner Lamounier, aliyekuwa mwimbaji, aliondoka mwaka 1985 na baadaye akawa kinara wa bendi hasimu iliyoitwa Sarcófago, yaani jeneza la mawe. Kutoka kaburini hadi jenezani, safari haikuwa ndefu. Miaka mingi baadaye bwana huyo aliachana na jukwaa na kuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini humo humo.

Pengo lake lilizibwa kwa njia rahisi: Max, aliyekuwa akipiga gita tu, akaanza pia kuimba. Paulo Pinto Júnior, anayejulikana kama Paulo Jr., alishika gita la besi, na Jairo Guedz gita la solo. Hao ndio wanne walioingia studio kwa mara ya kwanza.

Kazi yao ya awali, Bestial Devastation ya mwaka 1985, ilichukua upande mmoja tu wa santuri. Upande wa pili ulikuwa wa bendi nyingine ya mji huo, Overdose. Mchapishaji alikuwa Cogumelo, duka la santuri la Belo Horizonte lililojigeuza kampuni ya kurekodi. Mwaka uliofuata ikatoka albamu kamili, Morbid Visions. Ukiisikiliza leo utagundua kwamba magita hayakulinganishwa sauti sawasawa, na Kiingereza cha nyimbo ni cha mtu mwenye kamusi mkononi. Hata hivyo, nguvu iliyomo ndani yake haikuwa ya kuigiza.

Tiketi ya bure

Mabadiliko ya mwaka 1987 ndiyo yaliyoijenga bendi. Jairo aliondoka, na mahali pake akaja Andreas Kisser, kijana wa São Bernardo do Campo, mji wa viwanda ulio pembezoni mwa São Paulo. Kisser alikuwa fundi wa gita kwa kiwango ambacho wenzake hawakuwa nacho. Alikuja na nyimbo zenye mapito mengi na solo zilizopangwa, na tofauti ikasikika mara moja katika albamu ya Schizophrenia iliyotoka mwaka huo huo.

Lakini albamu nzuri iliyotoka Brazil ilikuwa haifiki mbali. Max akapata tiketi ya bure ya ndege kupitia kwa rafiki aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la ndege la Pan Am, akavaa kama mtumishi wa shirika na kusafiri hadi New York akiwa na kanda za bendi mkobani. Alizunguka akizigawa kwa kampuni za kurekodi. Kampuni ya Roadrunner, yenye asili ya Uholanzi, ndiyo iliyoitikia.

Ilivyokuwa bajeti ya Roadrunner haikuwa kubwa, mtayarishaji Scott Burns kutoka Florida ndiye aliyefunga safari kwenda Brazil. Mwishoni mwa 1988 walirekodi Beneath the Remains jijini Rio de Janeiro, kazi ikifanyika usiku hadi alfajiri. Ilipotoka mwaka 1989, bendi ikapata ziara yake ya kwanza Ulaya ikiwatangulia jukwaani Wajerumani wa Sodom.

Arise ilifuata mwaka 1991, safari hii ikirekodiwa katika studio za Morrisound huko Tampa, Florida. Mwezi Januari mwaka huo bendi ilikuwa imepanda jukwaa la tamasha la Rock in Rio katika uwanja wa Maracanã. Miezi michache baadaye walipiga onyesho la bure katika uwanja wa wazi jijini São Paulo, ambako shabiki mmoja aliuawa. Kwa muda baada ya hapo, bendi iliyokuwa ikishangiliwa Ulaya ilitazamwa nyumbani kama balaa.

Kipindi hicho ndipo Gloria alipoingia. Alikuwa Mmarekani mwenye uzoefu wa kuendesha shughuli za wanamuziki, akawa meneja wa bendi, kisha mke wa Max. Bendi ikahamia Phoenix, Arizona. Kila jema lililofuata lilipitia mikononi mwake, na kadhalika lile baya.

Ngoma za nyumbani

Miaka mitatu iliyotangulia mpasuko ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote katika maisha ya Sepultura, na hilo ndilo linaloufanya mpasuko wenyewe uume hadi leo.

Wakati bendi nyingi za thrashi zikipunguza makali ili zipigwe redioni, Sepultura ilipunguza kasi na kuongeza uzito. Chaos A.D. ya mwaka 1993 ilirekodiwa Wales chini ya mtayarishaji Andy Wallace. Ngoma za Igor zikawa na mwendo wa bendi za kanivali za Brazil, na nyimbo zikaacha mambo ya mizimu na kugusa mambo ya mitaani. Wimbo mmoja, Manifest, unahusu mauaji ya gereza la Carandiru jijini São Paulo, ambako polisi waliwaua wafungwa 111 Oktoba 2, 1992.

Wimbo mwingine, Kaiowas, hauna maneno wala umeme. Ni magita makavu na ngoma tu, ukiwa na jina la Wakaiowá, wenyeji wa asili wa Brazil walioporwa ardhi yao. Walikwenda kuurekodi ndani ya magofu ya ngome ya Chepstow, ili mwangwi wa mawe usikike.

Albamu hiyo inaanza na mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Mtoto huyo ni Zyon, mwana wa Max na Gloria, aliyezaliwa Januari 1993. Alipokua akawa mpiga ngoma wa bendi ya baba yake.

Kisha ikaja Roots. Mwaka 1995 bendi ilisafiri hadi jimbo la Mato Grosso kuishi kwa muda mfupi na Waxavante, watu wa asili wa huko, ikarekodi nao kijijini kwao. Kutoka Salvador, mji wa Bahia wenye wakazi wengi wa asili ya Afrika, alikuja mwanamuziki Carlinhos Brown na ngoma zake. Katika albamu hiyo inasikika pia berimbau, upinde wenye waya mmoja na kibuyu ambao asili yake ni Afrika ya Kati, uliovuka bahari pamoja na watumwa. Mtayarishaji alikuwa Ross Robinson, na magita yalishushwa sauti hadi yakawa yanatetemesha sakafu.

Baadhi ya wapenzi wa thrashi walinung'unika kwamba huo si muziki wao tena. Hawakukosea kabisa, kwani Roots imetoka nje ya mipaka ya mtindo huo. Lakini ilipotoka Februari 1996 ilishika nafasi ya 4 katika chati za Uingereza na ya 27 Marekani. Kwa bendi iliyoanza kwa nusu ya santuri, hapo palikuwa kileleni.

Agosti ya msiba

Agosti 1996 bendi ilikuwa Uingereza kwa ajili ya tamasha la Monsters of Rock katika viwanja vya Donington. Siku hiyo zilifika habari kwamba mtoto wa Gloria, ambaye Max alimlea kama mwanawe, amefariki katika ajali ya gari Marekani. Max na mkewe wakaondoka papo hapo kwenda kuzika.

Waliobaki walipanda jukwaani watatu. Andreas Kisser aliimba nyimbo za Max mbele ya umati ambao wengi wao hawakujua kilichotokea. Kwa wakati ule kilikuwa kitendo cha mshikamano.

Miezi minne baadaye hakikubaki chochote cha mshikamano huo. Kisser, Paulo na Igor walilalamika kwamba meneja anamtukuza Max na kuwaacha wao nyuma, na kwamba hawezi kuwa mke wa mmoja na wakati huo huo mwakilishi wa wote. Max aliona ukatili katika muda waliouchagua, kumfukuza mama ambaye kaburi la mwanawe halijakauka. Kila upande umeeleza upande wake mara nyingi tangu hapo, na ukisikiliza kwa makini utaona kwamba hawabishani sana kuhusu yaliyotokea. Wanabishana kuhusu nani alimwacha mwenzake.

Rekodi ya onyesho la Brixton ilitolewa na Roadrunner mwaka 2002 kwa jina la Under a Pale Grey Sky. Max anasikika akiwachangamsha watu kama kawaida.

Mtu wa Cleveland

Max aliunda Soulfly mwaka 1997, na albamu yake ya kwanza ikatoka 1998 ikiwa imebeba majonzi ya msiba ule. Waliobaki na jina la Sepultura walikuwa na jina tu, bila sauti iliyolifanya lijulikane.

Wakamchukua Derrick Green, Mmarekani mweusi kutoka Cleveland, Ohio, aliyewahi kuimba katika bendi ya Outface. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na hakujua Kireno. Alihamia São Paulo, akakisoma Kireno na kuzoea kuzomewa. Against ya mwaka 1998 ilikuwa na mengi ya kusikiliza, ikiwemo kazi ya pamoja na wapiga ngoma wa Kodo wa Japani, lakini haikuuza kama Roots na wengi waliihukumu kabla ya kuisikia.

Nation ya mwaka 2001 ndiyo iliyokuwa albamu mpya ya mwisho kwa Roadrunner. Kumbi zilipungua ukubwa. Roorback ikatoka 2003 chini ya kampuni ya Ujerumani, kisha Dante XXI mwaka 2006, iliyojengwa juu ya utenzi mkuu wa Dante, mshairi wa Italia.

Mwaka huo huo Igor naye akaondoka. Alianza kwa kuomba mapumziko ya kulea mtoto, na katika ziara ya Ulaya nafasi yake ikashikwa na Roy Mayorga, mtu ambaye, kwa mzaha wa majaaliwa, alikwishawahi kupiga ngoma katika Soulfly ya kaka yake. Katikati ya mwaka ikatangazwa kwamba Igor harudi tena. Hapo Sepultura ikawa haina Cavalera hata mmoja.

Igor alimpigia simu Max. Agosti 2006, katika onyesho la Arizona la kumbukumbu ya miaka kumi ya yule kijana aliyefariki, ndugu hao walisimama tena jukwaa moja. Kutokana na hapo ikazaliwa Cavalera Conspiracy, iliyotoa albamu ya Inflikted mwaka 2008. Igor akaanza pia kuandika jina lake kwa herufi mbili za g.

Tangu hapo mashabiki wamegawanyika. Wapo wasemao Sepultura ni ndugu wawili wale na wengine wote ni wapangaji. Wapo wanaojibu kwamba Kisser na Paulo hawakuondoka hata siku moja, na kwamba anayehama nyumba hana haki ya kudai mlango. Hoja ya pili ina uzito zaidi kuliko wengi wanavyokiri. Max aliiongoza Sepultura kwa miaka 12 na albamu kamili sita. Green ameimba katika albamu tisa.

Kizazi cha tatu

Jean Dolabella alishika ngoma tangu 2006 hadi 2011, akishiriki A-Lex na Kairos. Alipoondoka, bendi ilimwajiri Eloy Casagrande, kijana wa miaka 20 ambaye usiku ule wa Brixton alikuwa mtoto wa miaka mitano. Uajiri huo ulikuwa bahati kubwa. Casagrande alipiga ngoma kwa namna iliyowalazimu wazee wa bendi kukaza mwendo, na Machine Messiah ya mwaka 2017, yenye wapiga fidla kutoka Tunisia, ikaanza kurudisha heshima iliyopotea.

Mwaka huo huo ilitoka filamu ya kumbukumbu kuhusu bendi, kazi ya Otavio Juliano. Ndugu Cavalera walikataa kushiriki wala kuruhusu nyimbo walizotunga zitumike. Ni filamu ya historia ya Sepultura isiyo na sauti ya waliyoianzisha.

Quadra ilitoka Februari 2020, na wakosoaji wengi waliiweka miongoni mwa kazi bora za kipindi cha Green. Wiki chache baadaye janga la UVIKO-19 likafunga kumbi zote. Badala ya kwenda ziarani, bendi ikawa inapiga muziki kila wiki kupitia intaneti pamoja na wageni, kila mtu akiwa kwake, na mwaka 2021 rekodi hizo zikageuzwa albamu.

Mwaka 2022 mke wa Kisser alifariki kwa saratani. Mpiga gita huyo, aliyekuwa ameshuhudia maumivu ya miezi ya mwisho, akaanza kampeni ya hadharani nchini mwake kuhusu huduma kwa wagonjwa wasio na tiba na haki ya mtu kufa kwa heshima. Desemba 2023 Sepultura ilipotangaza kwamba itafunga safari yake kwa ziara ya kuadhimisha miaka 40, jina la ziara lilitokana na fikra hizo: kusherehekea uhai kupitia kifo. Kisser alitaka bendi ife kwa uamuzi wake yenyewe, si kwa kufifia.

Hata kifo kilichopangwa kilikumbwa na dharura. Februari 2024, siku chache kabla ya onyesho la kwanza, Casagrande aliaga na kujiunga na Slipknot ya Marekani. Bendi haikuficha kwamba ilikasirika. Nafasi yake ikachukuliwa na Mmarekani Greyson Nekrutman, kijana wa miaka 21 aliyetokea Suicidal Tendencies, ambaye alilazimika kujifunza nyimbo za miongo minne kwa muda mfupi mno.

Machi 1, 2024 ziara ilianza Belo Horizonte. Kati ya wanne waliopanda jukwaani katika mji ule ule wa 1984, Paulo Jr. peke yake ndiye aliyekuwemo katika santuri ya kwanza.

Wakati huo ndugu Cavalera nao walikuwa wamerudi mwanzo. Mwaka 2023 walirekodi upya Bestial Devastation na Morbid Visions, na mwaka 2024 Schizophrenia, safari hii magita yakiwa yamelinganishwa sauti. Jairo Guedz, yule mpiga gita wa kwanza, tangu 2020 ana bendi aliyoipa jina la wimbo mmoja wa Morbid Visions, The Troops of Doom. Hivyo aliyetaka kusikia muziki ule wa ujana wa Belo Horizonte aliweza, mwaka huo mmoja, kuufuata katika kumbi za bendi tatu tofauti.